Uteuzi wa Makaa ya Kuchorea na Vifaa Vingine vya Sanaa: Mazingira ya Gitega na Muyinga nchini Burundi

Ikisiri

Makala hii inaeleza misingi ya kuteua makaa ya kuchorea, karatasi na rangi kwa ajili ya ufundishaji wa sanaa katika maeneo ya Gitega na Muyinga nchini Burundi. Hoja yake kuu ni kwamba sifa zinazoyapandisha makaa thamani sokoni ndizo hizo hizo zinazoyafanya yasifae mkononi mwa mchoraji, na kwamba neno moja linalobeba vitu hivi viwili huwapotosha walimu na wanunuzi. Mifano ya Rwanda, Tanzania, Uganda na Kongo ya mashariki na kusini inatumiwa kuonyesha kwamba wasanii wa ukanda huu wamekwisha kuyatatua maswali kadhaa ya vifaa ambayo mitaala bado inayaacha wazi.

Utangulizi

Gitega, iliyofanywa makao makuu ya kisiasa ya Burundi mwaka 2019, ni mji ambao kazi ya mikono imo katika historia yake yote. Makumbusho ya Taifa yalianzishwa hapo mwaka 1955. Kilomita chache kutoka mjini kuna Gishora, mahali pa ngoma za kifalme ambazo mapokeo yanazihusisha na Mwami Mwezi Gisabo, na ambazo ibada yake ya kucheza iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Giheta inajulikana kwa wachongaji na wafinyanzi wake, na mji wenyewe una shule ya ufundi wa sanaa. Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki, ni nchi ya kahawa na ya biashara ya mpakani: kupitia Kobero bidhaa huingia kutoka Ngara na miji mingine ya Tanzania, na Kiswahili husikika sokoni kama kinavyosikika Kirundi.

Katika mazingira hayo mwalimu anayetaka wanafunzi wake wajifunze kuchora kwa makaa hukuta njia mbili. Ya kwanza ni gunia la makaa ya kupikia, ambalo lipo kila mahali na kwa bei anayoijua. Ya pili ni kisanduku cha vijiti kutoka Ulaya au Asia, ambacho hufika kwa kuagizwa na kwisha kabla ya muhula kwisha. Wengi hujaribu njia ya kwanza, wakaona kipande kinakwaruza karatasi na kuacha mstari wa kijivu, kisha wakahitimisha kwamba makaa ya nyumbani hayafai kwa sanaa. Hitimisho hilo si sahihi. Kilichoshindwa ni uteuzi, nao umefanywa na soko kabla mwalimu hajafika.

Neno moja, mahitaji mawili

Kirundi husema *amakara*, Kiswahili husema *makaa*. Katika lugha zote mbili neno hilo lina harufu ya jikoni. Kiswahili hulitumia pia kwa makaa ya mawe, kwa hiyo mtu anayesoma orodha ya manunuzi ya shule na kukuta “makaa” ana sababu ya kufikiri kwamba mpishi ndiye aliyeyaomba. Kifaransa, ambacho bado kina nafasi kubwa katika ufundishaji wa ufundi nchini Burundi, kilipita njia nyingine: kijiti cha kuchorea huitwa *fusain*, na hilo ni jina la mti mdogo wa Ulaya ambao matawi yake membamba yalichomwa kwa kazi hiyo. Wachoraji wa Kifaransa walikiita kifaa chao kwa jina la mti kwa sababu walijua kwamba mti ndio unaoamua.

Kirundi nacho kina mfano wa fikra hiyo hiyo, ila umegeuzwa. Mti wa *Cordia africana*, ambao Waswahili wa sehemu nyingi za Tanzania huuita mringaringa, kwa Kirundi huitwa *umuvugangoma*, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. Hapa si kifaa kilichopewa jina la mti. Mti ndio uliopewa jina la kazi. Mtengenezaji wa ngoma hawezi kupewa gogo lolote akaambiwa litatosha. Mchoraji amekosa msamiati wa namna hiyo, na kwa kuukosa amekosa pia haki ya kukataa.

Tofauti ya mahitaji yenyewe ni rahisi kuieleza. Mpishi anataka makaa mazito, yenye kuwaka muda mrefu, yasiyovunjika katika gunia wala kupukutika. Mti mgumu ndio unaompa hayo, na mikaratusi iliyokomaa, ambayo imetawala mashamba ya miti ya Burundi, hutoa makaa ya aina hiyo. Mchoraji anataka kinyume chake karibu katika kila jambo. Anahitaji makaa mepesi, laini, yanayopukutika kidogo kidogo kila yanapogusa karatasi, kwa kuwa mstari wa makaa si kitu kingine ila unga ulioachwa nyuma. Makaa yasiyopukutika hayachori. Muuzaji anayeisifu bidhaa yake kwamba “haivunjiki” anasema kweli, na kwa mchoraji sifa hiyo ndiyo kasoro yenyewe.

Mti upi, na sehemu ipi ya mti

Sifa tatu za kijiti zinatangulia nyingine zote. Ya kwanza ni uzito wa ubao kwa ujazo wake. Miti ya Ulaya iliyosifiwa kwa makaa ya kuchorea, kama vile mwilo wa kando ya mito na mzabibu, hutoa makaa yenye vinyweleo vingi na kuta nyembamba. Inafaa kukumbuka kwamba watengenezaji wa baruti nao walitafuta makaa ya aina hiyo hiyo. Ulaya walitumia mwilo, na nchini India walitumia mimea ya jenasi ya *Sesbania*. Historia hiyo ya baruti ina faida kwa Burundi, maana *Sesbania sesban* ni mti unaofahamika sana na wakulima wa nyanda za juu za Maziwa Makuu. Hupandwa kwenye kingo za mashamba ili kurutubisha udongo na kulisha mifugo, hukua upesi, na ubao wake ni mwepesi. Kukata matawi yake hakuuui. Ni sehemu ya kuutunza.

Sifa ya pili ni kiini. Tawi lenye kiini kikubwa laini, kama shina la muhogo, hugeuka bomba likichomwa: kiini hutoweka na kuta hubaki nyembamba mno kustahimili kidole. Mbarika una kasoro hiyo hiyo. Mwanafunzi akitaka kuchagua bila kujua majina ya kitaalamu, akate tawi na kulitazama uso wa mkato. Kiini kikiwa nukta ndogo tu, tawi linafaa kujaribiwa.

Ya tatu ni utomvu. Miti yenye utomvu wa kunata, kama misonobari, huacha lami ndani ya makaa, na lami hiyo huyafanya yateleze juu ya karatasi na kuacha doa la kahawia. Kwa sababu hiyo msonobari usitumiwe hata kama ubao wake ni mwepesi.

Kwa Muyinga swali linalojitokeza mara moja ni la kahawa. Mibuni hupogolewa, na iliyozeeka hukatwa ili ichipue upya, kwa hiyo matawi yapo kwa wingi na bila gharama. Lakini ubao wa mbuni ni mzito na wenye nyuzi zilizobanana. Makaa yake ni mazuri jikoni. Kwa mchoraji yanaweza kutumika pale tu anapotaka mstari mwembamba na mkali, na hata hapo ni machipukizi ya mwaka mmoja yanayofaa, si matawi ya zamani. Mianzi nayo huvutia kwa unyofu wake, ila ina silika nyingi katika ngozi yake na hukwaruza. Mgrevilea uko katikati: si laini kama *Sesbania*, si mgumu kama mkaratusi uliokomaa. Mtini wa vitambaa vya magome, *umuvumu*, ni mwepesi na unastahili kujaribiwa kwa matawi yake membamba, ingawa una utomvu mweupe unaolazimu tawi likaushwe kwa muda mrefu zaidi.

Umri na unene wa tawi vina uzito sawa na aina ya mti. Chipukizi nyoofu la unene wa kalamu, lililomenywa gome likiwa bichi, ni bora kuliko kipande kilichochongwa kutoka gogo la mti ule ule. Chipukizi lina nyuzi zinazofuatana kutoka mwanzo hadi mwisho. Kipande cha gogo kina nyuzi zilizokatwa na hupasuka kikichomwa. Tawi hupungua unene na urefu katika moto, kwa hiyo anayetaka kijiti cha milimita 6 akate chenye milimita 8 au 9.

Uchomaji

Makaa hayatengenezwi kwa kuchoma mti bali kwa kuupasha joto pale hewa isipofika. Jedwali la Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuhusu utengenezaji wa makaa linaonyesha kwamba kwenye nyuzi joto 300 za Selsiasi kaboni iliyotulia ni takribani asilimia 68, kwenye 500 hufika asilimia 86, na kwenye 700 asilimia 92. Namba hizo zilikusanywa kwa ajili ya nishati, lakini zinamweleza mchoraji jambo analoliona kwa macho. Kijiti kilichoishia karibu na nyuzi 300 ni cha rangi ya kahawia iliyokolea, kigumu, na bado kina mabaki ya mti ndani yake. Hicho ndicho kinachokwaruza. Kilichofika 500 ni cheusi kote na hulia kama kigae kikidondoshwa juu ya meza.

Chombo kinachohitajika ni kopo la bati lenye kifuniko, la maziwa ya unga au mfano wake, lililotobolewa tundu moja dogo juu. Vijiti vikavu husimamishwa ndani kwa kubanana na nafasi zinazobaki hujazwa mchanga mkavu, ili hewa ipungue na vijiti visipinde. Kopo huwekwa katika moto ambao tayari unawaka kwa kazi nyingine: jiko la shule likiwa linapika maharagwe, au tanuri la wafinyanzi. Kwanza tundu hutoa mvuke mweupe mzito, baadaye moshi huwa mwembamba na unaweza kushika moto kwenye tundu, mwisho hukoma. Hapo kopo hutolewa, tundu huzibwa kwa udongo, na kopo huachwa hadi lipoe kabisa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayoharibiwa zaidi kuliko nyingine zote. Makaa yenye joto yakikutana na hewa huwaka yenyewe, na anayefungua kopo kwa haraka ya kuona hukuta majivu.

Kiasi kinachozungumziwa hapa ni kidogo mno. Darasa zima linaweza kuchora kwa mwezi kwa makaa ambayo mama wa nyumbani angeyamaliza kwa kuchemsha chai mara moja. Kanuni zinazowekwa katika nchi za ukanda huu kudhibiti biashara ya makaa ili kuokoa misitu ni za haki, lakini zikiandikwa bila kutofautisha aina mbili za makaa huweza kumfanya mwalimu mwenye kopo moja aonekane mkosaji. Washauri wa sera wanaoandaa kanuni hizo wangefanya vyema kuacha mlango kwa matawi ya kupogolewa yanayochomwa kwa matumizi ya elimu.

Kuna aina nyingine ya makaa ambayo haihitaji kijiti kizima. Mabaki yaliyovunjika husagwa, huchekechwa kwa kitambaa, huchanganywa na gundi kidogo na udongo laini, kisha hufinyangwa vipande na kukaushwa. Makaa hayo ya kufinyanga ni meusi zaidi na hayafutiki kirahisi, kwa hiyo hayamfai anayeanza kujifunza, ambaye kufuta kwake ni nusu ya kujifunza. Penseli nayo ilizaliwa kwa njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté, akiwa Ufaransa ambako grafiti ya Uingereza haikuweza kufika kwa sababu ya vita, alichanganya unga wa grafiti na udongo akauchoma. Uhaba ndio uliompa dunia penseli yenye daraja za ugumu. Ugumu hutegemea kiasi cha udongo kilichomo.

Karatasi na kuushika unga

Makaa mazuri juu ya karatasi mbaya ni kazi bure. Karatasi ya kunakilia ya gramu 80, ambayo ndiyo hupatikana katika kila duka la vifaa vya ofisi, imelainishwa ili wino wa mashine ukae juu; haina meno ya kuushika unga. Karatasi ya kahawia ya kufungia bidhaa ina uso wenye ukakasi zaidi na rangi ya kati inayomruhusu mchoraji kufanya kazi kwa makaa na udongo mweupe pamoja. Tabaka za ndani za mifuko ya saruji ni za karatasi ya aina hiyo, imara sana, mradi vumbi la saruji litolewe nje ya darasa kwa kitambaa kilicholowa, kwa kuwa vumbi hilo huunguza ngozi na mapafu. Karatasi ya magazeti ni ya mazoezi tu: hubadilika kuwa njano na kuvunjika katika miaka michache.

Kazi ya makaa isiposhikizwa hufutika kwa mkono wa kwanza utakaoigusa. Dawa za kupulizia zinazouzwa kwenye makopo ni ghali, nazo hutoa mvuke usiofaa katika chumba kilichofungwa. Kabla ya kuwapo kwake wachoraji wa Ulaya walitumia maziwa yaliyoondolewa mafuta na kuongezewa maji, kwa kuwa protini ya maziwa hukauka ikawa gundi nyembamba. Maji ya wanga, ya mchele au ya muhogo, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Yote mawili hupulizwa kutoka mbali kama umande, mara nyingi na kidogo kidogo. Matone makubwa huosha mchoro. Mafuta yasipoondolewa kabisa katika maziwa, doa la mafuta huonekana baada ya muda.

Hapa hali ya hewa inaingia. Gitega iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua kwa sehemu kubwa ya mwaka. Maziwa na wanga ni chakula cha kuvu. Michoro iliyoshikizwa kwa njia hizi isirundikwe stoo katika miezi ya mvua. Itundikwe au ipangwe na karatasi kavu katikati. Tone la mafuta ya karafuu katika maji ya wanga huchelewesha kuvu, na karafuu za Zanzibar zinafika Muyinga kama kiungo cha pilau.

Rangi za udongo

Kwa upande wa rangi mfano ulio karibu zaidi uko ng’ambo ya mpaka. Mashariki mwa Rwanda, katika nchi ya zamani ya Gisaka, imigongo hutengenezwa kwa samadi ya ng’ombe iliyochanganywa na majivu, ikainuliwa juu ya ubao au ukuta kwa mistari ya pembe kali, kisha ikapakwa rangi. Nyeupe hutoka kwenye udongo wa kaolini, *ingwa*. Nyekundu hutoka kwenye udongo wenye chuma. Nyeusi hupatikana kwa majivu ya maganda ya ndizi pamoja na utomvu wa mshubiri na tunda la mtunguja mwitu. Mapokeo yanaitaja familia ya kifalme na jina la Kakira. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kazi hiyo iliinuliwa tena na vyama vya ushirika vya wanawake. Hakuna hata kimoja kati ya vifaa hivyo kisichopatikana Muyinga.

Rangi za udongo zina sifa ambayo rangi nyingi za dukani hazina: hazififii kwa jua. Nyekundu na manjano ya udongo ni oksidi za chuma, yaani kutu iliyokwisha kutulia, na mwanga hauna cha kuzibadilisha. Michoro ya miambani ya Kondoa nchini Tanzania, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2006, ni ushahidi wa kutosha. Ile ya kale zaidi ni myekundu na bado inasomeka. Udongo wa manjano ukikaangwa juu ya kigae hugeuka mwekundu, kwa hiyo shule yenye kilima kimoja cha manjano ina rangi mbili na zote zilizo katikati yake.

Utayarishaji ni wa kungoja zaidi kuliko wa nguvu. Udongo hupondwa, hukorogwa katika maji mengi, huachwa dakika moja ili mchanga utue, kisha maji yenye rangi humiminwa katika chombo kingine na kuachwa usiku kucha. Matope laini yanayobaki chini hukaushwa na kusagwa. Gundi huongezwa wakati wa kutumia: ute wa yai, wanga, au gundi ya mkakaya. Gundi ikipungua, rangi hutoka kwa kidole. Ikizidi, rangi hupasuka na kubanduka. Kaolini ina hila yake: ikiwa mbichi huonekana karibu haina rangi, na weupe wake hutokea inapokauka. Mwanafunzi asiyeambiwa hili hupaka tabaka tatu mahali pa moja, na kesho yake hukuta ukuta umebanduka.

Si kila kifaa huteuliwa ili kidumu. Katika mapokeo ya Kiislamu ya Waswahili aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, kisha huoshwa kwa maji na maji hayo yakanywewa kama kombe. Wino huo umechaguliwa kwa sababu unaondoka. Swali la kwanza la uteuzi, basi, ni kazi hiyo inatakiwa kukaa kwa muda gani. Zoezi la darasani la nusu saa halihitaji karatasi ya kudumu miaka 100, na picha ya ukutani ya zahanati haistahili kupakwa rangi itakayopauka kabla ya mvua ya pili.

Rangi za dukani na hatari zake

Wasanii wa ukanda huu wamezoea kugeuza vifaa vya ujenzi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao za dari na rangi za enameli zilizokusudiwa baiskeli na milango, na mng’ao wa rangi hizo ukawa alama ya mtindo mzima unaobeba jina lake. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa historia wa Katanga, alipaka picha zake juu ya vitambaa vya magunia ya unga; mfululizo wake wa picha 101, uliochapishwa na Johannes Fabian mwaka 1996, umekuwa chanzo muhimu kwa wanahistoria. Nchini Uganda kitambaa cha magome ya mtuba, kilichotambuliwa na UNESCO, kimerudi kama uso wa kuchorea. Burundi nayo ilikuwa na vitambaa vya namna hiyo. Kwa kuwa kitambaa hicho ni cha kahawia, makaa huzama ndani yake. Udongo mweupe ndio unaojitokeza.

Mifano hii isichukuliwe kama ruhusa ya kumpa mtoto kopo lolote. Rangi za enameli za njano, chungwa na nyekundu ndizo ambazo kwa desturi zilitiwa madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila dalili ya haraka. Shirika la Afya Duniani na Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa wanapendekeza kikomo cha sehemu 90 kwa milioni katika rangi iliyokauka. Kopo lisilo na maelezo ya kiwango hicho lisinunuliwe kwa fedha za shule. Petroli na tina, ambazo hutumika kuzimua enameli, hazina nafasi katika darasa la watoto 50 lenye madirisha mawili. Vumbi la makaa lenyewe si sumu, ila lisipulizwe kwa mdomo kutoka kwenye karatasi. Karatasi iinamishwe na kugongwa kwa nyuma.

Namna ya kuandika agizo

Orodha ya manunuzi inayosema “makaa, sanduku 20” inamwachia mzabuni uamuzi wote. Inayotaja chapa ya Ulaya inawafungia nje mafundi wa Giheta na vijana wa Muyinga ambao wangeweza kuuza bidhaa hiyo hiyo. Agizo linalofaa hutaja utendaji: vijiti vya makaa ya kuchorea, unene wa milimita 4 hadi 8, vyeusi hadi katikati vikivunjwa, visivyo na shimo la kiini, vinavyoacha alama nyeusi bila kukwaruza karatasi ya kahawia, na ambavyo alama yake hufutika kwa kitambaa kikavu. Mtu yeyote anaweza kulikagua agizo hilo mezani kwa dakika mbili, bila maabara. Kwa rangi ya udongo ukaguzi ni wa kupaka, kukausha, kusugua kwa kidole na kuacha nusu ya kipande juani kwa wiki nne huku nusu nyingine imefunikwa.

Kwa upande wa istilahi, “makaa ya kuchorea” ni bora kuliko kukopa *fusain*, kwa sababu jina la mti wa Ulaya halimwambii lolote mwanafunzi wa Gitega. Aina iliyosagwa na kugandishwa iitwe “makaa ya kufinyanga”. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi ya kuziingiza istilahi hizi katika kazi yake ya usanifishaji, pamoja na majina ya miti kwa Kiswahili, Kirundi na Kilatini bega kwa bega, ili mwalimu anayesoma kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam aweze kwenda shambani Muyinga na kurudi na tawi lililokusudiwa.

Kalenda inasaidia. Kiangazi kikuu cha Burundi huangukia kati ya Juni na Agosti, na mwaka wa shule huanza Septemba. Matawi yakikatwa na kumenywa mwanzoni mwa Juni huwa yamekauka ifikapo mwisho wa Julai. Agosti huchomwa, na vijiti huhifadhiwa katika makopo yale yale yaliyoyachomea, vikiwa vimezungushiwa karatasi ili visigongane barabarani.